Ulishika Nini Mara ya Mwisho?

(Mazungumzo yaliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, ndani ya bwalo la shule. Yanachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusimama mahali hapa, ambapo zamani nilisimamishwa mara nyingi kwa sababu zisizokuwa za heshima. (Kicheko.) Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze kwa dakika ishirini juu ya jambo lolote litakalowafaa vijana. Nilikuwa nimeandaa mazungumzo juu ya kilimo, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Lakini leo asubuhi nilipokuwa nikizunguka kutazama majengo, nilifika nyuma ya karakana nikaikuta pikapu kuukuu ya shule imesimama, boneti wazi, vijana watano wameizunguka kama watu waliofiwa. Wakaniamkia vizuri. Nikauliza, kuna nini? Wakanijibu: "Mzee, tuliitengeneza wakati wa likizo, lakini tangu tuirudishie vyuma vyake haiwaki." Nikauliza tena, kabla hamjaitengeneza ilikuwa inawaka? Wakatazamana. Mmoja akasema: "Ilikuwa inawaka, ila kwa taabu." (Kicheko.)

Ndugu Mwenyekiti, hapo nikakiweka kilimo mfukoni. Nimeona heri niwaeleze vijana hawa habari za gari langu mimi, ambalo lilikuwa linawaka kwa taabu, nikalitengeneza kwa mikono yangu, likaacha kuwaka kabisa. Nitaeleza na hasara niliyoipata, ambayo haikuwa ya fedha.

Mwaka 1985, nikiwa Bwana Shamba huko Mafinga, nilinunua katika mnada Land Rover kuukuu ya aina ya Series III. Aina hiyo ilitengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Langu lilikuwa la petroli, injini ya silinda nne yenye ujazo wa lita mbili na robo. Lilikuwa gari la kazi, halina anasa yoyote. Hata mbele lina tundu la kupitishia hendeli, ili betri ikifa uzungushe injini kwa mkono. Wazee wenzangu mnakumbuka miaka ile. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, vipuri navyo vilikuwa adimu zaidi, na mtu aliyekuwa na plagi nne mpya alizificha kama dhahabu.

Mwezi Desemba 1987 gari likaanza kula maji na kukosa nguvu mlimani. Nikatambua kwamba gasketi ya silinda hedi imeungua. Nikaomba likizo ya wiki mbili, nikatafuta gasketi, nikaazima spana, nikaamua kuifanya kazi hiyo mwenyewe uani kwangu. Fundi nilimwona ni gharama bure. Hapa shuleni nilikuwa nimesoma fizikia na hesabu mpaka kidato cha sita. Gari ni nini?

Nilikuwa na msaidizi mmoja, mpwa wangu, kijana wa miaka kumi na minne. Alikuwa amemaliza darasa la saba, na dada yangu wa Njombe alinikabidhi ili akae kwangu, asaidie kazi, nami nimtafutie shule. Alikuwa mtoto mtulivu mwenye macho makali. Tulipokuwa tukichomoa nyaya za plagi, aliniuliza: "Mjomba, hizi nyaya tusizitie alama?" Nikamjibu: "Mjomba wako anajua mpangilio. Ni 1-3-4-2. Lete spana." Akaleta spana.

Tulifungua silinda hedi, nikasaga valvu, nikaweka gasketi mpya. Kama ilivyo desturi ya mtu aliyeonja ufundi, sikuishia hapo. Nikafungua kabureta nikaisafisha, ingawa haikuwa na ugonjwa. Nikabadilisha pointi za distribyuta. Nikabadilisha na nyaya za plagi, kwa sababu nilipata nyingine zilizoonekana nzuri. Kwa hiyo, ndugu zangu, nilikwenda kutibu ugonjwa mmoja, nikayagusa mambo matano. Likumbukeni hilo.

Siku ya nne tukamaliza. Nikakaa kwenye usukani, majirani wakaja kutazama. Starta ikazungusha injini vizuri, lakini haikushika hata kidogo. Nikachomoa waya mkubwa wa katikati ya kifuniko cha distribyuta, nikaushika kwa koleo lenye mpini wa mpira, nikausogeza karibu na chuma cha injini, mpwa wangu akapiga starta. Hapakuwa na cheche.

Hilo nililigundua mwenyewe. Kazi ya pointi ni kufunga na kufungua njia ya umeme unaopita kwenye koili. Zikifunga, umeme unapita. Zikifunguka, umeme unakatika ghafla, na kule kukatika ndiko kunakoifanya koili itoe msukumo wa maelfu ya volti unaoruka kwenye plagi. Pale pointi zinapofungwa pana vipete vidogo vya plastiki vinavyozuia waya zisiguse chuma. Mimi nilikuwa nimevipanga vibaya, waya zikagusa chuma. Umeme ukawa unapita moja kwa moja kwenye mwili wa gari. Pointi zikifunguka zisifunguke, ni mamoja. Nilivipanga upya, cheche ikaja, nene, ya buluu. Majirani wakapiga makofi, nami nikajiona mhandisi.

Basi nikapiga starta tena. Safari hii injini ikatetemeka kama inayotaka kushika, ikapiga chafya kubwa kupitia kabureta, ikanyamaza. Nikarudia. Ikakohoa, ikatikisika, ikapiga chafya, ikanyamaza. Tulifanya hivyo mpaka betri ikachoka. Nikachukua hendeli, ikanirudia kwa nguvu kidogo inivunje mkono. Tukalisukuma mteremkoni na majirani wanane, likaenda likipiga mabomu mpaka chini, halafu ikabidi tutafute watu kumi na sita wa kulipandisha. (Kicheko.)

Jioni ya siku ile nilifungua plagi. Mbili zilikuwa zimelowa petroli chapachapa. Mbili zilikuwa kavu zenye masizi kidogo. Nilizitazama kwa macho yangu haya, nikazifuta kwa kitambaa, nikazirudisha. Gari lilikuwa limeniandikia barua, nami nikaifuta kabla sijaisoma.

Nikaanza kulaumu. Kwanza nililaumu petroli, nikasema imechanganywa na mafuta ya taa. Nikatafuta nyingine kwa bei ya kuruka. Hali ikawa ile ile. Pili nikamlaumu aliyeniuzia nyaya. Siku ya sita nikafungua tena kabureta, nikatazama vile vidude vyake vya shaba vyenye vitundu, nikahisi kwamba kimoja hakipo. Nani aliyevisafisha? Ni mpwa wangu. Nikamwita, nikamwuliza mbele ya watu amekipoteza wapi, au amekiuza kwa nani. Akasema: "Mjomba, nilivihesabu, vyote nilikurudishia." Nikasema maneno ambayo sitayarudia hapa. Alitaka kuongeza neno, akaanza, "Mjomba, zile nyaya..." Nikamwambia anyamaze. Kesho yake nilimpa nauli, akapanda basi la Njombe na kifurushi chake. Niliona nimefanya jambo la haki.

Gari, hata hivyo, halikuwaka kwa sababu mtoto ameondoka.

Siku ya tisa alipita mzee mmoja, fundi aliyekwisha kustaafu. Nikamwomba atazame. Hakushika spana. Alikaa juu ya debe, akaniuliza swali moja tu: "Kabla halijagoma, ulishika nini mara ya mwisho?" Nikaanza kumweleza habari za petroli mbovu. Akasema: "Sikuulizi petroli. Petroli hukuitengeneza wewe. Nakuuliza mikono yako imepita wapi." Nikahesabu: silinda hedi, valvu, kabureta, pointi, nyaya.

Akaniambia nitoe plagi zote nne na kuzilaza juu ya kitambaa kwa mpangilio wake, namba moja ikiwa ile ya mbele upande wa rejeta. Namba 1 na namba 4 zilikuwa kavu, zina masizi. Namba 2 na namba 3 zilikuwa zimelowa. Mzee akatikisa kichwa, akasema: "Moja na nne zimekula. Mbili na tatu zimenyimwa." Akaniambia nifungue kifuniko cha distribyuta, nizungushe injini polepole kwa hendeli huku yeye akitazama rota. Halafu tukabadilishana, yeye akazungusha, mimi nikatazama. Akauliza: "Inazunguka kwenda wapi?" Nikasema, kinyume cha mshale wa saa. Akauliza: "Na wewe ulipanga nyaya kwa kufuata nini?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimezipanga kwa kufuata saa.

Namba nilizijua: 1-3-4-2. Nilizijua kwa ghibu. Lakini rota ya injini ile inazunguka kinyume cha saa, nami niliziweka namba hizo kwa kufuata saa. Ukizisoma kinyume unapata 1-2-4-3. Yaani moja na nne zilikuwa mahali pake, mbili na tatu zilikuwa zimebadilishana. Ndiyo maana injini ilikuwa inataka kushika: silinda mbili zilikuwa zinaivuta mbele, na mbili zinapata moto wakati usio wake, zinatema petroli kupitia kabureta. Mzee alichomoa nyaya mbili akazibadilisha nafasi. Kazi ya dakika moja. Tukaazima betri, nikapiga starta, gari likanguruma.

Kabureta ilikuwa nzima, na vidude vyake vyote vilikuwa ndani.

Sasa vijana wa karakana, nitawapa utaratibu alionifundisha mzee yule, nami nimeufuata tangu siku hiyo.

Kwanza kabisa, kabla ya kushika chochote, kaeni chini na karatasi mwandike kila mlichokigusa, tangu cha mwisho kurudi nyuma. Gari lililokuwa linawaka Jumatatu, likafunguliwa Jumanne, likakataa Jumatano, huwa aghalabu limekataa kwa sababu ya Jumanne. Pengine pana hitilafu zaidi ya moja, kama ilivyokuwa kwangu. Ukiipata ya kwanza usijione mhandisi.

Pili, ulizeni maswali manne kwa zamu, wala msiruke hata moja. Je, starta inazungusha injini kwa nguvu? Kama haizungushi, tazama betri, vichwa vyake, na ule waya mnene unaounganisha injini na mwili wa gari. Wengi huusahau wakati wa kurudisha. Je, cheche ipo? Ijaribu kwenye waya wa katikati, kisha kwenye plagi. Kama haipo, rudi kwenye pointi, vipete vyake na kondensa. Upana wa pointi wa gari lile ulikuwa kati ya milimita 0.35 na 0.40; la kwenu litafuteni katika kitabu chake, msikisie. Je, petroli inafika? Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, pampu, tazama kama inatoka. Mwisho, je, cheche inakuja kwa wakati wake na kwenye silinda yake? Hapo ndipo mimi nilipoangukia.

Kulijibu swali hilo la nne ni rahisi. Toa plagi zote, weka kidole gumba juu ya tundu la plagi namba moja, mwenzako azungushe injini polepole. Utakapohisi upepo unakusukuma kidole, silinda hiyo inakandamiza. Sogeza kidogo pistoni ifike juu, kisha fungua kifuniko: waya wa namba moja unatakiwa uwe pale rota inapoelekea. Halafu tazama rota inakozunguka, ndipo upange nyingine. Namba bila mwelekeo ni nusu ya elimu.

Na tahadhari. Gari liwe nyutro na breki ya mkono. Anayezungusha kwa hendeli asiukunje mkono kwa gumba. Gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, maana hendeli ikirudi inavunja. Msijaribu cheche penye petroli iliyomwagika, wala siku mnapochomoa mpira wa petroli. Mambo hayo mawili msiyachanganye.

Najua wapo wanaosema moyoni, mzee anatufundisha mambo yaliyopitwa. Ni kweli, magari ya siku hizi hayana pointi wala kabureta. Cheche na petroli vinaongozwa na kompyuta, na fundi anachomeka mashine inayosoma hitilafu. Lakini mashine hiyo itakwambia tu kwamba mahali fulani hapapati habari. Mara nyingi ni plagi ya waya ambayo mtu aliichomoa ili apitishe mkono, akasahau kuirudisha. Bado swali ni lile lile la mzee.

Sasa nirudi kwa mpwa wangu, maana huenda mlidhani nimemsahau.

Jioni ile gari lilipowaka, mzee alikataa malipo, akanywa chai akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa ndani ya gari linalonguruma, sina raha. Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Kwa siku tisa nilikuwa nimetazama kila mahali isipokuwa kwenye mikono yangu. Nilimwona mwuza petroli, nilimwona mwuza nyaya, nilimwona mtoto wa dada yangu.

Siku mbili baadaye niliendesha gari hilo mpaka Njombe, kupitia Makambako, kwenye mvua. Dada alinipokea kwa adabu, akaniandalia chakula, lakini hakukaa nami kuzungumza. Nikaomba mtoto aitwe. Mjomba kumwomba radhi mpwa wake mbele ya mama yake si jambo tulilolelewa nalo, lakini muungwana akivuliwa nguo huchutama. Nikawaeleza yote: kwamba kabureta ilikuwa nzima, kwamba kosa lilikuwa la nyaya, kwamba nyaya nilizipanga mimi.

Kijana akanisikiliza. Halafu akasema taratibu, bila kiburi: "Mjomba, mimi niliziona. Tulipozichomoa, ule mrefu ulikuwa chini, na ulipozirudisha ukauweka juu. Nilitaka kukwambia."

Ndugu Mwenyekiti, ningeweza kuliwasha gari lile siku ya nne, bila fundi, bila kununua petroli ya kuruka, bila kumfedhehesha mtu. Jibu lilikuwa limesimama pembeni yangu limeshika spana. Nililinyamazisha mara tatu.

Kijana alinisamehe, na dada naye akanisamehe. Lakini hakurudi kukaa kwangu. Nilimwomba, akasema atabaki kumsaidia mama. Shule aliipata kwa njia nyingine, si kwa mkono wangu. Leo ni mtu mzima mwenye watoto wake, tunatembeleana vizuri, ananiamkia kwa heshima zote. Hata hivyo, tukiwa pamoja na jambo lolote linahitaji kuamuliwa, hunisubiri nimalize kusema, naye hasemi neno mpaka nimwulize mara mbili. Basi nami humwuliza mara mbili. Gari nililitengeneza kwa dakika moja. Hilo la pili bado nalitengeneza.

Kwa hiyo, vijana, sikuja kuwakataza kufungua magari. Fungueni. Nchi haijengwi na watu wanaoogopa spana. Lakini tieni alama kabla ya kuchomoa. Likikataa, anzeni na mikono yenu kabla ya kutafuta wa kulaumiwa. Na mdogo kuliko wote katika kundi lenu akisema ameona kitu, zimeni starta mumsikilize.

Nina hakika kati ya wale watano wa asubuhi yupo mmoja aliyeona jambo siku ile ya kurudisha vyuma, akanyamaza. Simtaji, wala simjui. Namwomba tu, mkutano ukiisha, tukutane nyuma ya karakana. Siahidi kwamba pikapu itawaka leo. Naahidi kwamba yeye ndiye atakayesema kwanza.

 (Makofi.)